Mume wa Bibi: shajara ya kutengeneza kichekesho cha dakika 24

11 Januari 2025: lilikotoka wazo

Dada yangu mkubwa alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakuwahi kusimama, na wageni waliyasikia maneno yake kama sauti tu. Bibi alimwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote wa kwetu anavyomwita mjukuu wa kike. Asubuhi moja akamsimamia mbele, ufagio mkononi: "Mke mwenzangu, mimi nimeamka alfajiri nimefagia uwanja mzima. Wewe hujanyanyuka hapo ulipo, na chai anakuletea babu kwa mkono wake. Dawa umeitoa wapi?" Dada alivuta pumzi, akaukaza mdomo, tukasubiri wote. Akatoa neno moja: "Sura."

Nyumba nzima ilianguka. Bibi alicheka akiwa amekaa chini, kitu ambacho magoti yake hayakumruhusu kwa kawaida.

Kwenye televisheni nyumba ile sijaiona. Ninachokiona ni mchekeshaji mzima wa viungo aliyekunja mkono na kuburuta mguu, kigugumizi cha kununuliwa, jicho moja limefungwa. Nikibadilisha chaneli nakuta tamthilia: mtoto kwenye kiti, kinanda kinalia, mama anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Basi nimeamua kutengeneza kipindi kimoja cha majaribio, cha dakika 24, ndani ya nyumba moja Ngamiani, Tanga. Kijana anaitwa Hemedi, ana mtindio wa ubongo kama dada. Bibi yake anamwita mume wangu, na jina la kipindi limetoka hapo. Fedha ni zangu na za marafiki wawili. Naandika kila hatua ili atakayetaka kuiga asirudie makosa yangu.

Sheria ya kwanza niliyobandika ukutani imetoka kwenye utani wenyewe. Mtani ana ruhusa ya kusema, na anayesemwa ana ruhusa ya kujibu. La pili likiondoka, la kwanza linageuka tusi. Kwa hiyo kila Hemedi anaposemwa lazima apate nafasi ya kujibu, na jibu lionekane.

18 Januari: nilichojifunza kwa wengine

Nimemaliza kuangalia Speechless, kichekesho cha kituo cha ABC cha Marekani, misimu 3, vipindi 63, iliyorushwa kuanzia Septemba 2016 hadi Aprili 2019. Aliyeibuni, Scott Silveri, amekua na ndugu wa kiume mwenye mtindio wa ubongo, na inaonekana. Micah Fowler aliyeigiza JJ, kijana wa hadithi, ana mtindio wa ubongo kweli. JJ hatoi maneno: anaelekeza mwanga wa leza kutoka kichwani kwenye ubao wa herufi na maneno, mtu mwingine anasoma kwa sauti.

Niliyoyachukua ni mawili. Kwanza, mama wa JJ si malaika. Ni mgomvi, anachosha, na watoto wake wengine wana manung'uniko yao halali. Pili, vichekesho vingi vinatokana na msomaji wa ubao, si mwenye ubao.

Nisiyoweza kuyachukua ni mengi zaidi. Kule vita ni kati ya familia na shule, na msaidizi ni kazi yenye mshahara. Hapa kwetu msaidizi wa Hemedi ni yeyote aliye karibu: dada yake, mtoto wa jirani, muuza kahawa akipita. Vita ya kwetu iko ndani ya nyumba. Nani analala chumba cha mbele? Nani kakaa kwenye kivuli cha nani? Mjomba anaondoka lini?

2 Februari: rasimu ya kwanza imekufa

Niliwaita watu sita waisome kwa sauti. Kila mtu kwenye mswada alisema "mtu mwenye ulemavu", hata bibi wa miaka sabini na tano, hata watoto wakigombana. Mmoja wa wasomaji aliuliza posho ya semina inatolewa saa ngapi.

Hilo neno silidharau. Limepiganiwa, ndilo liko kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Na lugha yetu ina deni hapo: kilema, kiziwi, kipofu, kiwete, wote tumewaweka kwenye ngeli moja na kiti na kikombe. Angalau sarufi ina huruma, husemi "kipofu kimekuja". Lakini mswada si waraka wa wizara. Nimegawa hivi: nesi na mwalimu wanasema mtu mwenye ulemavu, bibi anasema mume wangu, majirani wanasema "yule kijana wa kiti", na mjomba, akitoka Muheza baada ya miaka minne, anasema kilema mara moja tu. Hakuna anayemrekebisha. Hemedi anamtazama, kisha anauliza, "Mjomba, deni la baba umekuja nalo?"

Kosa la pili la rasimu: "hujafa hujaumbika" ilitokea mara tatu. Nikaifuta zote tatu. Jamani, kila mwandishi akimweka mtu kwenye kiti anaona ni lazima mzee apite aitamke.

Gharama hadi leo: intaneti na kuchapa miswada, shilingi 46,000.

16 Februari: mwigizaji asiyefaa, na kosa ni langu

Nilimchukua kijana mchekeshaji aigize Hemedi, mzuri, anayejulikana mtaani. Nilijiambia ataweza, nitamfundisha. Siku ya usomaji alikunja vidole, akapinda shingo, akatoa mate kidogo pembeni, na chumba kikacheka sana. Nilifurahi kwa dakika kama kumi hivi.

Nilikuwa nimemwalika mama mmoja mwenye mtoto wa hali hiyo asikilize. Hakucheka, wala hakukasirika. Alisema tu, "Mikono ya mwanangu haijikunji muda wote. Akitulia inatulia. Inajikaza akishtuka, au akifurahi. Huyu wenu ameshtuka tangu aingie." Kisha akaaga, akisema ana daladala ya kuwahi.

Niliisikiliza tena rekodi ya sauti ya kikao. Kicheko kilianza kabla kijana hajatamka neno lolote. Yaani watu walichekea mkono, na mswada wangu haukuwa na kazi yoyote pale. Nimemlipa kijana haki yake, tumeachana vizuri. Nauli, posho na chakula cha siku mbili: 85,000 zimekwenda.

27 Februari: Hemedi amepatikana

Ana miaka 22, anafanya usajili wa laini za simu kwenye kibanda cha shemeji yake, na anacheza drafti kwa ukatili. Sogora wa mtaa wake hawamwekei dau tena. Ana mtindio wa ubongo wa aina ya kukaza misuli, anatumia kitimwendo chake mwenyewe, na anaongea. Maneno yanatoka kwa kuvutwa, konsonanti zinalegea. Dakika tano za kwanza nilipata nusu. Ya ishirini nilipata yote.

Mama yake alitaka kusaini mkataba kwa niaba yake. Kijana akasema hapana. Sahihi ilichukua dakika mbili na robo tatu ya ukurasa.

Tumekubaliana: malipo sawa na waigizaji wengine, 50,000 kwa siku, saa nne tu mbele ya kamera, na mapumziko kila baada ya dakika arobaini, kwa sababu akichoka misuli inakaza na maneno yanazama. Bajaji ya kwenda na kurudi ni juu yetu. Waandaaji wenzangu, msilione hili la saa nne kama hisani. Nilipanga ratiba yote upya kwa ajili yake, na baadaye nikagundua kwamba anayeigiza bibi naye, mwenye sukari, ndiyo ratiba aliyoihitaji.

Halafu akaniuliza swali lililobomoa mswada, ambamo Hemedi alikuwa wa ubao tu kama JJ. "Mimi naongea. Hemedi wako kwa nini haongei?" Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba nimeona hivyo Marekani. Akaniambia ukweli wa nyumba zote za namna hii: nyumbani wanamwelewa, nje hawamwelewi. Basi tumebadilisha. Hemedi anaongea na familia kwa sauti yake. Ubao ni wa wageni. Na ni wa kitu kingine pia, alichokigundua yeye mwenyewe akicheka: "Nikisusa." Akinuna, anaacha kuongea na kuchukua ubao, na kila mtu ndani ya nyumba anajua leo kuna jambo.

Ramadhani iko mlangoni. Tunafanya maandalizi, kupiga picha ni baada ya Idi.

19 Machi: ubao, mara tatu

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko popote, na ndipo nilipopata zawadi kubwa.

Ubao wa kwanza niliutengeneza kwa kuiga wa kigeni: maneno mazima 60 kwenye karatasi ya A3 iliyotiwa plastiki. Mimi, wewe, taka, kula, maji, mama, choo. Shilingi 12,000. Tulipojaribu, Hemedi akawa anaongea kama mtalii wa siku ya pili Pangani: "Mimi. Taka. Maji." Lugha yetu haijajengwa hivyo. Nafsi, wakati na mtendwa vyote vinapanda mgongoni mwa kitenzi kimoja. "Sikumwambia" ni neno moja, na kwenye ubao ule halikuwezekana hata kidogo.

Ubao wa pili nilijiona mjanja. Nilichukua chati ya silabi, ile ya ukutani darasa la kwanza, ba be bi bo bu. Konsonanti 26 mara irabu 5 ni silabi 130, ukiongeza irabu zenyewe 135. Kwenye A3 kila kisanduku kikawa na upana wa kama sentimita 3. Mwigizaji wetu anaelekeza kwa kifundo cha kidole cha kati, na mkono unayumba. Alilenga "sa" akagusa "sha", akalenga "ku" akagusa "khu". Tulicheka, tukachoka, tukatupa. Shilingi 12,000 nyingine.

Wa tatu tulianza na mkono wake. Tulipima: anagusa bila kukosea kisanduku kikiwa na sentimita 4. A3 ina sentimita 42 kwa 29.7, kwa hiyo visanduku 10 kwa 7, jumla 70, na hapo hakuna ubishi. Tukagawa hivi: 27 ni herufi (Q na X hazina kazi kwetu, CH imechukua nafasi ya C, na SH, NY na NG' zimepewa visanduku vyao), 16 ni viambishi, ni, u, a, tu, m, wa, na, li, ta, me, hu, ha, si, ku, ki, ji, 27 zilizobaki ni maneno na virai alivyochagua mwenyewe. Mimi ningeweka "naomba maji". Yeye aliweka "sijamaliza", "usinisemee", "muongo" na "zamu yako". Kuchapa kwenye plastiki ngumu isiyong'aa chini ya taa: 18,000. Atakayetengeneza wa kwake asiweke plastiki ya kung'aa. Kamera itaona taa tu.

Sasa zawadi. Tulikuwa tunajaribu tukio la chakula cha jioni. Mjomba amefika, familia imemhamisha Hemedi kutoka chumba cha mbele bila kumuuliza, ili mjomba alale hapo. Hemedi amesusa, kachukua ubao, anamwelekea mjomba. Akagusa NI. TA. KU. P. I. Akapumzika mkono.

Chumba kizima kikaanza kukisia bila mimi kusema lolote. "Nitakupisha!" akasema anayeigiza mjomba, "mtoto ana adabu huyu." Bibi, aliyekuwa anawaza sahani yake: "Nitakupikia." Dada mtu, aliyekuwa na hatia ya chaja iliyopotea: "Nitakupiga, mimi nimewaambia." Mama, ambaye kwenye mswada ni fundi cherehani: "Nitakupima." Baba, anayesubiri simu ya kazi tangu ukurasa wa kwanza: "Nitakupigia." Kijana akawaangalia mmoja mmoja, akaendelea: N. D. U. A.

Nitakupindua.

"Mapinduzi!" bibi akasema. "Na Januari yenyewe imeshapita."

Kiswahili kinaweka nani, lini na kwa nani mbele kabisa, kinaacha kitendo nyuma. Ukikikatiza katikati, kila msikilizaji anajaza kilichomo moyoni mwake. Nilikaa miezi miwili nikitafuta namna ya kumfanya Hemedi achekeshe bila kuchekwa, kumbe lugha ilikuwa nayo mfukoni. Pale yeye hachekwi. Ametulia, anawachekesha watu watano kwa herufi mbili.

Tangu siku hiyo naandika kila tukio la ubao kwa kutafuta shina linalogawanyika: pi, fu, pe, la. Kwa "nitakufu" pekee kuna kufundisha, kufukuza, kufuata, kufunga, kufuga.

12 Aprili: rampu

Nyumba tuliyopata ni nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Ukumbi ulitosha. Tatizo ni baraza, sentimita 34 kutoka chini.

Nilimwambia fundi seremala atuwekee rampu, ubao wa kupandia. Akaweka wa mita moja na nusu, ukaonekana mzuri. Mwigizaji alipopandishwa kiti kiliinamia nyuma, msukumaji akashtuka, gurudumu la mbele likajipinda kwenye ukingo. Hakuumia, ila alinitazama kwa muda mrefu. Kutengeneza gurudumu: 35,000. Rampu ile: plaiwudi moja 48,000, mbao 22,000, misumari 6,000, fundi 20,000, jumla 96,000, na haifai hata kwa kuku.

Kipimo kinachotumika sana duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwa 34 ni sentimita 408. Mita nne na ushei. Barabara za Ngamiani haziruhusu kuitoa mbele, kwa hiyo tuliilaza sambamba na ukuta. Plaiwudi mbili 96,000, mbao 27,000, fundi 35,000: 158,000. Ningeuliza kwanza, ningelipa hii ya pili tu.

Swali likabaki: kwenye hadithi, nyumba hii ina rampu au haina? Mswada ulikuwa na tukio la wanaume wanne wakibeba kiti, kila mmoja akiamuru. Lakini rampu ilipokaa siku tatu nikaona kitu bora. Asubuhi jirani aliianikia dagaa. Mchana mtu kaegesha bodaboda. Watoto wakateleza juu ya gunia. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye magoti mabaya, akawa anapandia hapo na kutukatalia mapema kuibomoa. Nikaandika upya: rampu ipo, na haijawahi kuwa wazi. Kila Hemedi anaporudi anakuta kitu kingine juu yake, mara ya mwisho magunia ya machungwa ya mjomba kutoka Muheza. Gharama ya kichekesho hicho: sifuri.

3 hadi 5 Mei: siku za kamera

Siku mbili za mwanzo zilikwenda. Mvua ya masika kwenye bati ilitukalisha saa moja kila alasiri, hilo lilitarajiwa.

Ambalo sikulitarajia ni kwamba mwigizaji wetu akicheka, mwili wote unakaza na mguu wa kulia unaruka. Na bibi wetu ni mchekeshaji wa kuzaliwa, haachi kuongeza maneno. Mguu uliruka mara ya kwanza, kikombe cha chai kikaenda kwenye suruali ya mjomba. Mara ya pili, ya tatu, tukawa tunarudia. Nilikuwa naelekea kumwomba ajizuie, ombi la kipuuzi kabisa, ndipo mwenyewe akasema: "Uacheni mguu. Uandikwe." Sasa mguu una historia yake: nyumba yote inajua kukaa kushoto kwa Hemedi, mgeni ndiye hukaa kulia. Mjomba amekaa kulia kipindi kizima.

Tukio lingine alilolileta yeye. Hemedi anamsubiri dada yake nje ya duka la jumla, mpita njia anamdondoshea sarafu ya 500 mapajani. Limemtokea mara nyingi, anasema. Mimi niliogopa: tutaonekana tunamfanya ombaomba. Tulibishana nusu saa. Akalicheza mara moja bila mazoezi. Anaitazama sarafu, anamwita yule mtu arudi, dada anatafsiri.

"Anauliza ya nini."

"Basi tu, sadaka."

Kimya. Kisha Hemedi, kwa sauti yake, polepole: "Leo Alhamisi."

Kila mtu wa pwani anajua sadaka inatembea Ijumaa. Fundi wa sauti alicheka hadi kinasa kikatikisika, tukarudia.

Na ile methali niliyoifuta ikarudi kwa mlango wa nyuma. Mjomba, mkono begani, uso wa msiba: "Hujafa hujaumbika, mwanangu." Hemedi anamkagua kutoka kandambili hadi kofia. "Kweli. Wewe bado."

Gharama: waigizaji 6 kwa siku 3, 900,000. Kamera, taa na vifaa vya sauti 540,000. Mafundi wawili 360,000. Chakula cha watu 11, sahani 3,500, jumla 115,500. Bajaji siku 5 pamoja na mazoezi, 40,000. Shukrani kwa mwenye nyumba 100,000.

8 Juni: nilivyomnyamazisha kwenye uhariri

Toleo la kwanza lilikuwa na dakika 21 na sekunde 40. Limebana, linakimbia, nikalipenda. Nikamtumia mwigizaji. Akajibu kwa ujumbe: "Mimi niko wapi?"

Nikahesabu. Mswadani Hemedi anasemwa mara 14 na anajibu mara 12. Kwenye toleo langu anasemwa mara 14, anajibu mara 5. Majibu saba niliyakata kwa mkono wangu, mimi niliyebandika sheria ukutani. Sikukusudia. Kabla ya kila jibu lake kuna sekunde nne hadi sita za kimya, na mkono wa mhariri ukiona kimya unakata. Nikikata kimya, jibu linatokea ghafla kama limepachikwa, halichekeshi, basi nalo nalikata. Hivyo hivyo hadi yakaisha.

Nikataka kurudisha kimya. Hakirudishiki: siku za kamera nilipiga uso wa Hemedi tu akijiandaa kusema. Sekunde sita za uso ule peke yake zinamfanya mtazamaji amhurumie. Kilichokosekana ni nyuso za wanaomsubiri. Nyumbani kwetu hakuna aliyesubiri akiwa amekodoa macho. Watu walimenya, walisuka, walitafuta kitambaa, masikio yako kwake.

Tukarudi nusu siku, tukapiga kusubiri tu. Bibi anamenya chungwa, na ganda linavyorefuka ndivyo jibu linavyokaribia. Mama anatunga uzi kwenye sindano. Mjomba anaanza kujibu swali ambalo halijamaliziwa, anaona macho ya bibi, anafunga mdomo. Nusu siku hiyo ilinigharimu 300,000, na ndiyo iliyokiokoa kipindi. Toleo jipya: dakika 24 na sekunde 10, majibu 12.

Kosa dogo la mwisho: niliweka maandishi ya chini kwa Hemedi peke yake. Akauliza mbona mjomba anayechanganya Kibondei hajaandikiwa. Sasa kuna matoleo mawili: moja lina maandishi kwa kila anayeongea, rangi moja, nalo litawafaa viziwi pia. Jingine halina kabisa.

5 Julai: uani

Tumeonyesha uani kwa mwenye nyumba, toleo lisilo na maandishi, watu 47 na watoto wasiohesabika. Projekta 40,000, viti vya plastiki 50 kwa 300, 15,000.

Dakika tatu za mwanzo walikuwa wanaulizana "kasemaje?". Kwenye "Leo Alhamisi" hakuna aliyeuliza. Kwenye "nitakupi" walikisia kabla ya mjomba, na nusu ya uani ilisema "nitakupiga", sijui nifikirieje.

Baadaye mzee mmoja wa msikitini, mtu wa heshima, alisimama. "Kazi nzuri, ila mnamcheka mtoto wa watu."

Mwigizaji alikuwa mstari wa mbele. Akageuza kiti, akachukua muda wake, ndevu zake zote mbele ya taa. "Mtoto nani?"

"Ndiyo hapo," mzee akasema, akakaa, na yeye akicheka.

13 Julai: hesabu, na yaliyobaki

Jumla ni shilingi 2,872,500. Katika hizo, makosa yangu matupu ni 540,000: mwigizaji wa kwanza, rampu ya kwanza, gurudumu, mbao mbili za mawasiliano, na nusu siku ya kusubiri. Ni sawasawa na kukodi kamera siku tatu.

Mswada wa kipindi cha pili uko nusu. Hemedi anaposwa, au bibi anadhani hivyo, na anadai talaka yake. Baba bado anasubiri simu. Nimempelekea mwigizaji kurasa kumi, akasema tano zinafaa, na kwamba malipo yapande hadi 70,000. Nikamwandikia kwamba kwa sasa sina, anivumilie, tutazungumza.

Ujumbe wake uliingia saa tatu usiku. Neno moja, halijamaliziwa: "Nitakupi".

Hadi naandika hapa hajaongeza kitu.